Zamu ya Kitanda cha Matelo

Jamaa wawili wa duka la samani kuukuu walikuja na bisibisi na nyundo, na kabla chai tuliyowamiminia haijapoa, kitanda cha chumba cha mlangoni kilikuwa kimeshaegemezwa ukutani vipande vipande: kichwa, miguu, mbavu mbili ndefu za chuma, na mfuko mdogo wa skrubu. "Khalas, madam? Tuchukue?" akauliza mmoja. Nikamwomba asubiri kidogo. Mama anahama Naif kuja kukaa nasi, na nyumba ilitakiwa iwe tupu kabla ya Ijumaa. Nilikuwa nimejiandaa kuagana na jiko la Bibi na ule mlango usiofungika bila kupigwa teke. Sikujiandaa kwa harufu iliyonipata nilipoinamia zile mbavu: chuma kikuukuu, sabuni ya kufulia, na kwa mbali mafuta ya nazi. Labda hayo mafuta pua yangu iliyaongeza yenyewe. Yalikuwa mafuta ya nywele zangu, na nilikuwa na miaka minane.

Nyinyi mliokulia Deira, upande wetu huo wa Dubai, mtakumbuka nyumba zetu zilivyokuwa. Hakuna aliyekaa na chumba kitupu. Sisi tulikuwa watatu: Bibi, aliyekuja kutoka Unguja zamani sana, Mama, aliyefanya kazi kwenye ofisi ya kusafirisha mizigo ya Dar na Mombasa, na mimi. Chumba kidogo cha mlangoni Bibi alikipangisha kwa wanaume wawili, na ndani yake kilienea kitanda kimoja tu.

Najua msomaji wa mbali atajiuliza watu wazima wawili walilalaje kitanda kimoja. Walilala kwa zamu. Ami Juma, kijana wa Malindi, alikuwa mlinzi wa usiku kwenye jengo moja refu la Dubai Marina. Basi la kampuni lilimchukua alasiri na kumrudisha asubuhi. Ami Saidi, Mngazija mtu mzima mwenye ndevu za chumvi na pilipili, alipika chakula cha wafanyakazi wa hoteli. Alitoka mara tu baada ya sala ya alfajiri na kurudi jua likielekea kuzama. Mmoja akiingia, mwingine ameshatoka. Walikuwa wameonana mara moja tu, siku ya kupatana chumba, wamekaa sebuleni kwa Bibi kwa muda wa kunywa kahawa kikombe kimoja. Baada ya hapo ikapita miaka miwili.

Lakini msidhani hawakujuana. Kila mmoja alikuwa na shuka lake: la Juma la miraba ya kijani, la Saidi jeupe lenye mstari wa buluu. Utaratibu wao ulikuwa huu, na sijawahi kuuona kwingine. Anayeamka anakunja shuka lake na kulitia sandukuni, kisha anatandika shuka la mwenzake, na kuchomeka pembe zote nne. Hakuna aliyejitandikia mwenyewe. Saidi alimwachia Juma mkebe wa chakula kando ya mto: wali na samaki, au vitumbua viwili. Juma naye alimwachia Saidi chungwa, au gazeti alilopewa na wenyeji wa jengo. Jioni Saidi aliukuta mkebe umesuguliwa na kidole mpaka punje ya mwisho, lakini haukuoshwa. "Huyu mwenzangu," alikuwa akisema huku akiusugua jikoni, "maji anayajua ya kunywa tu."

Kwa hiyo Saidi hakumwita Juma mpangaji mwenzake. Alimwita matelo wake.

Saidi alikuwa amefanya kazi kwenye meli za Wafaransa kwa miaka mingi, na ukimsikiliza ungeamini kwamba katika Kifaransa chote aliteremka na neno hilo moja tu. Matelo ni baharia, ndiyo maana yake ya kawaida. Lakini kwake lilikuwa kama kisu cha jikoni, kazi zote linafanya. Fulana yake ya mistari ilikuwa matelo. Gauni langu la Idi, lenye kola pana ya mraba inayoangukia mgongoni, lilikuwa na kola ya matelo, na suruali zilizopanuka chini zilikuwa za matelo. Mchuzi wake wa Ijumaa usiku, wa vipande vya samaki wa kila aina na vitunguu vingi, nao ulikuwa matelo. "Wao wanatia mvinyo," alimweleza Bibi, "mimi natia ukwaju. Mungu atanisamehe mimi, wao sijui." Kulikuwa hata na ngoma ya jina hilo. Alinichezea mara moja ukumbini, mikono kaikunja kifuani, magoti yakipanda na kushuka, mpaka Bibi akapiga kelele kutoka ndani: "Saidi! Wa chini wanapiga dari!"

Mimi pia nilikuwa matelo, siku nilipomaliza chakula.

"Ami, neno moja litakuwaje na kazi zote hizo?" nilimuuliza Ijumaa moja jioni.

Alikuwa akimenya ukwaju. Hakuwa mtu wa kumjibu mtoto kwa haraka. "Kaa," akasema. "Zamani melini nafasi ilikuwa ndogo kama humu kwa bibi yako. Mabaharia wawili walipewa kitanda kimoja cha kuning'inia. Huyu akilala, yule yuko kazini juu. Sasa huyo unayelala naye kwa zamu ndiye matelo wako. Neno lilianza hapo, kwa mwenza wa kitanda. Ubaharia ulikuja baadaye, na fulana, na mchuzi, na kola yako hiyo."

Nilipokuwa mkubwa nilitafuta kwenye kamusi, nikitarajia kumkamata. Nikakuta wataalamu wanasema karibu vilevile: kwamba Wafaransa walilichukua kwa watu wa kaskazini yao, na huko lilimaanisha mtu mnayeshirikiana naye malazi.

Lakini siku ile aliongeza jambo jingine ambalo halimo kwenye kamusi yoyote. "Na kitanda cha matelo," akasema, "hakipoi. Huyu anatoka, yule anaingia, joto liko palepale. Ukiona kimepoa, ujue mmoja bahari imemchukua."

"Na kama mmoja amechelewa?"

"Basi mwingine humshikia zamu," akasema, akaendelea na ukwaju wake.

Kwake ilikuwa hadithi ya kupitisha wakati. Kwangu ilikuwa sheria, kama ile ya kutotoka na nywele maji. Nilielewa kwamba joto la kitanda ndilo lililokuwa likiwaweka hai. Tangu siku hiyo, kila Juma alipotoka alasiri nilichungulia chumbani na kuweka kiganja juu ya godoro. La moto. Nikaenda zangu kucheza.

Ikaja likizo ya kiangazi, wakati ambapo lami inalainika na viyoyozi vya mtaa mzima vinadondosha maji juu ya vichwa vya wapita njia. Kumwondolea Juma mnyororo wa mlango kulikuwa kazi yangu, maana sikio moja la Bibi lilikuwa limeshachoka. Kila asubuhi alibisha kwa ukucha, mara tatu. "Shikamoo, Ami." "Marahaba, bosi. Ripoti?" Nami nampa ripoti: nani kapigana ghorofani, paka gani kazaa.

Asubuhi moja ukucha haukubisha. Nilikaa chini nyuma ya mlango mpaka katuni zikaisha. Bibi alikuwa jikoni, na hakuwa na desturi ya kuingia chumba cha wapangaji. Alisema chumba cha mtu ni kama mfuko wake. Nikaingia mimi. Shuka la miraba lilikuwa limetandikwa, pembe nne zimechomekwa, mkebe kando ya mto. Nikaweka kiganja.

Baridi. Kiyoyozi kilikuwa kimelipuliza godoro tangu alfajiri.

Sikuwaza kwenda kumwambia mtu. Watu wazima, nilidhani, wanajua kila kitu kabla yetu, na Saidi mwenyewe ndiye aliyeniambia la kufanya. Nikapanda kitandani, nikajifunika mpaka puani, nikashika zamu.

Kumbe si kazi nyepesi. Nililala upande wa kushoto mpaka ukapata moto, nikahamia wa kulia. Nilikimbilia chooni na kurudi mbio godoro lisije likasahau. Bibi aliponiita kula nilijibu "Labeka!", nikala kwa haraka, nikasema ninakwenda kucheza. Alipojinyoosha baada ya sala ya adhuhuri nikarudi. Mkebe ulikuwa na vitumbua. Nilifikiri sana juu ya vile vitumbua, nikaamua kwamba mwenye zamu ndiye mwenye chakula. Na kwa kuwa nilikuwa mtoto niliyelelewa na Bibi, nikauosha mkebe, nikaukausha, nikaurudisha.

Jioni ilipokaribia nilikunja shuka la miraba na kutandika jeupe, kwa sababu ndio utaratibu. Nilichomeka pembe zote nne. Saidi aliporudi alikuta kitanda chake tayari, kina joto, mkebe mtupu. Akala, akalala. Siku ya pili mambo yakawa yaleyale, isipokuwa mkebe ulikuwa na samaki, na kwa kuwa sipendi kichwa cha samaki nilikifunga kwenye karatasi nikampa paka wa ngazini.

Sasa naona nilichokifanya, na nyinyi bila shaka mmeshakiona kabla yangu. Kila kitu ambacho kingemwambia Saidi kwamba mwenzake hayupo, nilikifuta kwa mikono yangu miwili, kwa mapenzi makubwa.

Jioni ile ya pili Saidi alikuja kusimama mlangoni mwa sebule, mkebe mkononi. "Hodi, Bi Zuhura."

"Karibu, baba."

"Juma leo kaondoka saa ngapi?"

"Mimi namwona? Muulize mjukuu wangu, ndiye bawabu."

Saidi akanigeukia. Akauinua mkebe, akaugeuza kwenye taa. "Kwa sababu miaka miwili hii," akasema polepole, "huyu bwana hajaosha mkebe hata siku moja. Jana nimeukuta unang'aa. Nikasema labda ameoa. Leo unang'aa tena. Na mto unanukia mafuta ya nazi. Juma tangu lini akapaka nazi?"

Nikasema, "Hajaondoka."

"Yumo ndani?"

"Hajaingia."

Bibi akapunguza sauti ya televisheni.

"Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu jana asubuhi."

"Na kitandani kalala nani?"

"Mimi. Nimemshikia zamu." Nikaona uso wake, nikaongeza haraka: "Hakijapoa, Ami. Hata kidogo. Wallahi hakijapoa."

"Umemshikia nini?" akasema Bibi. "Mtoto huyu ana wazimu? Mtu kapotea siku mbili, wewe unamlalia kitanda?"

"Mwache, Bi Zuhura," akasema Saidi. Alikaa chini, palepale kizingitini. "Maneno ni yangu hayo. Yeye kayatumia tu."

Akapiga simu ya Juma. Haikuita. Akaingia chumbani na kutoka na chaja iliyokuwa imebaki chini ya kitanda. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaanza kulia, si kwa kuogopa kupigwa, bali kwa sababu kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba Saidi hakujua. Nilidhani tuko wawili kwenye zamu, kumbe nilikuwa peke yangu, na Juma pia, popote alipokuwa, alikuwa peke yake.

Mama alipofika kutoka kazini hakuvua hata abaya. Saidi alisema anakwenda Marina. Mama akasema hatokwenda peke yake. Mimi nikasema na mimi. Bibi akafungua kinywa, lakini Saidi akamwahi. "Aende. Aliyeshika zamu ndiye anayetoa ripoti."

Sikuwa nimewahi kufika Marina. Nilijua tu kwamba ndiko Juma alikolinda, na kwa sababu ya lile jina na hadithi za Saidi nilitarajia mawimbi na watu wanaovuta kamba. Nikakuta vioo, marumaru, na ubaridi wa ndani unaonukia maua. Kwenye meza ya mapokezi alisimama mlinzi mwingine, kijana wa Nairobi, aliyevaa sare ileile niliyozoea kuiona asubuhi imekunjamana.

"Juma wa Malindi?" akasema. "Aki pole, mzee. Juzi usiku alianguka hapahapa, akishika tumbo. Ambulensi ikamchukua. Ilikuwa kidole tumbo, wakamfanyia operesheni, lakini yuko sawa. Ofisini wako na namba ya brathake tu, na hiyo namba haishiki. Hatukujua anaishi na nani huku."

"Anaishi na mimi," akasema Saidi.

Nilimtazama. Alisema kama mtu anayesema jina la baba yake.

Tulimkuta Juma hospitalini, kitanda cha mwisho kando ya dirisha, midomo imekauka, shuka jeupe hadi kifuani. Aliona kwanza Mama, kisha mimi. Kisha akamwona mzee mwenye ndevu amesimama nyuma yetu na mkebe mkononi, maana Saidi alikuwa ametoka nao nyumbani bila kujua na hakuuachia njia nzima. Wakatazamana. Ilikuwa mara yao ya pili.

"Wewe ndiye Saidi," akasema Juma.

"Wewe umenenepa," akasema Saidi. "Vitumbua vyangu hivyo."

Juma akaanza kucheka, akashika tumbo. "Usinichekeshe, mzee, nitafumuka." Alipotulia alitazama dari. "Mwajua," akasema, "siku mbili nimelala hapa kila mtu anatembelewa. Nikawa najiambia: saa hizi kitanda changu kule Naif kimepoa, na hapana aliyejua."

Hapo sikuweza kuvumilia. Nilificha uso wangu kwenye abaya ya Mama. Nikamsikia Saidi akivuta kiti.

"Hakikupoa," akasema. Akamsimulia yote: zamu, shuka, mkebe unaong'aa, hata paka wa ngazini. Hakuongeza wala kupunguza. Juma alisikiliza bila kucheka, kisha akanyoosha mkono wake wenye mpira wa dripu.

"Bosi. Njoo hapa."

Nikaenda. "Mimi ndiye niliyefanya wasije," nikasema.

Hakunikatalia. Nampenda mpaka leo kwa sababu hakunikatalia. "Kweli," akasema. "Walichelewa kwa ajili yako. Lakini mimi nilidhani sikuwa na mtu kabisa, kumbe nilikuwa na mtu anayenipashia godoro mchana kutwa. Haya mawili yote ni kweli. Lia kidogo kwa lile moja, halafu ufurahi kwa la pili."

Na Saidi, aliyekuwa mwalimu wangu katika mambo yote, akainama mpaka macho yetu yakawa sawa. "Na mimi sikukumalizia hadithi," akasema. "Melini mtu akikosekana, wa kwanza kujua hapashi kitanda. Anapiga kelele. Anapiga kelele mpaka watu wote waamke, hata kama amekosea, hata kama yule mtu alikuwa chooni. Kwanza kelele. Kitanda baadaye. Umeshika?"

"Nimeshika."

"Sema."

"Kwanza kelele. Kitanda baadaye."

Juma alipotoka hospitali aliambiwa apumzike wiki nzima, mchana na usiku. Kwa mara ya kwanza matelo wawili wakawa chumba kimoja kwa wakati mmoja. Saidi alitandika mkeka sakafuni, na asubuhi ya kwanza wote wawili walikuja sebuleni na macho mekundu.

"Bi Zuhura, miaka miwili hukuniambia kwamba mtu huyu anakoroma!"

"Mimi nakoroma?" akasema Juma. "Mzee, wewe ni jenereta. Niliamka nikitafuta pa kuzima."

"Mnakoroma nyote," akasema Bibi. "Sikio langu moja mmelimaliza nyinyi."

Walikaa nasi miaka mingine mingi, na utaratibu wa shuka haukubadilika. Kiliongezeka kitu kimoja tu, nacho nilipewa mimi. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, na kila jioni kabla ya maghribi, nilibisha mlango wao kwa ukucha mara tatu na kuuliza, "Matelo yupo?" Aliyekuwa ndani alitakiwa kujibu, "Yupo," hata kama yuko katikati ya usingizi. Asipojibu, ruhusa nilikuwa nayo ya kupiga kelele mpaka wa chini wapige dari. Nilipiga mara mbili katika maisha yangu yote. Mara zote mbili Juma alikuwa anaoga, na hakuna aliyenigombeza.

Bibi ametangulia, Mungu amrehemu. Saidi alirudi Ngazija, macho yamefifia, na simu yake huishika binti yake. Juma ana duka la vifaa vya umeme Malindi, na tumbo ambalo vitumbua havikulianzisha peke yake.

Wale jamaa wa samani walikuwa wamemaliza chai. Nilipiga picha ya kitanda kilivyoegemea ukutani, nikawatumia wote wawili bila neno, kwenye kundi letu la simu la watu watatu. Nikaweka kiganja juu ya chuma. Jua la dirishani lilikuwa limeshakifikia.

Simu ikalia mkononi. Ilikuwa sauti iliyorekodiwa, ya Juma, na nyuma yake kelele za wateja: "Matelo yupo?"

Kabla sijajibu ikaingia ya pili, kutoka Ngazija, sauti ya kizee iliyochukua muda kupata pumzi. "Yupo."

Nikabonyeza nami, nikasema neno langu. Kisha nikawageukia wale jamaa. "Yalla," nikawaambia. "Chukueni. Kingali cha moto."